Viatu vya Mwezi wa Ziada

Mimi ni fundi viatu, tena mwanamke, na nimeshachoka kuulizwa imekuwaje. Baba alikuwa fundi, mimi nilipenda kukaa karibu yake, basi. Babu yake aliwashonea makubadhi watu wa misafara iliyokuwa ikipita hapa Tabora kwenda pwani na kurudi. Mimi nawashonea walimu, makarani na maharusi. Karakana yangu ni kibaraza cha nyumba yetu hapa Ipuli. Upande huu meza yangu, upande ule mkeka wa mama, na katikati ni ubishi mtupu, maana mama hawezi kuniona natia uzi bila kunikosoa.

Wakati wa haya ninayoyasimulia mama alikuwa hashuki ngazi za kibaraza. Mwaka mmoja nyuma aliteleza bafuni akaumia nyonga. Daktari alimtazama, akasema mfupa umeunga vizuri, atembee. Mama akasema daktari atembee yeye. Akawa mtu wa chumbani na kibarazani, na kandambili zake miguuni, moja ina mkanda wa bluu na nyingine wa kijani, na mimi mwanawe ndiye fundi viatu! Nikimwambia, mama, hebu nikushonee viatu, jibu lilikuwa lile lile: "Viatu vya kwenda wapi?" Iliniuma sana. Shoga yake wa tangu usichana anakaa baada ya kona ya mtaa wetu tu, na mwaka ule mzima wawili hao walikuwa wakitumiana salamu badala ya kuonana.

Kitu kimoja hakukiacha, nacho ni kuutafuta mwezi. Kibaraza chetu kinatazama magharibi. Kila mwezi wa Kiislamu ukifika ishirini na tisa, jua likishatua, mama ananyoosha shingo pembeni mwa tangi la maji la jirani na kuutafuta ule uzi mwembamba. Akiuona anasoma dua, ananiambia, "Umeandama," na hesabu ya nyumba yetu inaanzia hapo. Watu wengine wanasubiri redio. Sisi tunamsubiri mama.

Sasa, asubuhi moja ya Julai, baridi ya kipupwe inauma vidole, akasimama mbele ya kibaraza mwanamke wa Kichina wa miaka arobaini na kitu, kofia ya kazini mkononi. Alikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wajenzi wa reli mpya. Kiswahili alijifunza kwa madereva wa malori, kwa hiyo kilikuwa kinakwenda vizuri, ila kina maneno mawili matatu ambayo mbele ya mama ilibidi nikohoe. Alimpa mama shikamoo kwa mikono miwili. Mama akaitikia marahaba, na papo hapo akampenda.

"Fundi, nataka viatu vya mama yangu," akaniambia.

"Karibu. Yuko wapi nimpime?"

"Yuko China."

Nilicheka mpaka nikaweka nyundo chini. "Dada yangu, zunguka soko lote la hapa, viatu vyote vimetoka kwenu. Wewe ndio unakuja kununua viatu Tabora?"

Hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, akasema mama yake ana ugonjwa wa moyo na miguu inavimba, viatu vya dukani vinambana. Halafu akasema neno lililonifanya nisogeze kigoda. Mwaka huu, kwa kalenda yao ya zamani, kuna mwezi wa ziada. Mwezi wa sita unakuja mara mbili. Na kijijini kwao, ndani ya mwezi huo wa ziada, binti anampa mama yake viatu, na mama anavivaa kabla mwezi haujaisha, ili aishi miaka mingi. Mwezi wa ziada uliopita yeye alikuwa huku kazini, hakumpa kitu. Mwingine ni mpaka miaka mitatu ipite.

"Mama yangu hana miaka mitatu," akasema. "Na hataki cha dukani. Anataka kitu cha huku ninakokaa."

Moyo ulinishuka. Lakini nisiwe mnafiki, udadisi nao ulikuwa umeshanishika. Nilimwambia pole, nitavishona, halafu nikashindwa kujizuia: "Hebu subiri kwanza. Mwezi unakujaje mara mbili?"

Akaomba misumari. Nilimpa kopo la misumari ya soli, akaipanga mezani mstari mmoja, kwa nafasi zilizo sawa. Hivi, akasema, ni vituo vya jua. Jua linapozunguka mwaka mzima linapita kwenye vituo hivi kumi na viwili, na kila kimoja kina jina lake: Mvua ya Nafaka, Joto Kubwa, Baridi Kubwa. Katikati yake kuna vingine kumi na viwili, lakini hivyo tuviache. Kwa vituo hivi mkulima wa kwao anajua lini apande na lini avune. Kisha akachukua mabaki ya ngozi, akakata vipande vya urefu mmoja, kila kimoja kikiwa kifupi kidogo kuliko nafasi ya msumari na msumari. Hivi navyo ni miezi, ile inayofuata mwezi wa angani. Akaanza kuvilaza chini ya misumari, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kikakutana na msumari. Cha pili kikakutana na msumari. Lakini kwa ufupi wake vilikuwa vinazidi kuachwa nyuma, mpaka kikafika kipande kilichoanza baada tu ya msumari mmoja na kuisha kabla tu ya msumari mwingine. Hakikugusa kitu.

"Huyu hapa," akasema, akikigonga kwa kidole. "Mwezi uliokosa kituo. Hauna namba yake mwenyewe. Unachukua namba ya mwenzake aliyetangulia."

Loo! Nilielewa pale pale, na nilifurahi utadhani nimezawadiwa. Maisha yangu yote nimeona miezi yetu ikihama. Nimefunga Ramadhani ya vumbi na nimefunga Ramadhani ya matope, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua na sisi tunauacha uende zake. Wao pengo likifika mwezi mzima wanatia kipande, kama ninavyotia kipande cha ngozi ubavuni mwa kiatu kinachobana, na sikukuu zao zinabaki kwenye majira yake. Mama alikuwa akiitazama misumari. Akasema kwao Igunga, alipokuwa mtoto, mwezi ulikuwa wa ibada na jembe lilikuwa na nyota zake, kilimia, na hakuna aliyewahi kufikiria kuviunga pamoja.

"Hawa wameviunga," akasema. "Watu wana akili, jamani."

Likabaki suala la kipimo. Mgeni wangu hakuwa na namba ya mguu wa mama yake, na namba ingenisaidia nini mguu wenyewe umevimba? Alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye miguu ya mama yangu pale mkekani. Akaomba ruhusa. Mama akasogeza mguu, na yule dada akaushika kwa viganja viwili, akafumba macho. Alisema likizo iliyopita alikuwa akimwosha mama yake miguu kila jioni, na viganja vyake vinakumbuka. Akakipapasa kisigino, akaupapasa uvimbe wa kando ya dole gumba. Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni huu," akasema. "Huu kabisa."

Basi nikampima mama yangu kwa ajili ya mama wa China. Mama alitulia muda wote ule, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Siku chache baadaye alirudi jioni na kitambaa chekundu cha kutia ndani ya viatu. Ilikuwa magharibi, na mama alikuwa amenyoosha shingo kama kawaida yake. "Ule pale! Umeandama," akasema. Sote watatu tukautazama, mwembamba wa kukatika. Ulikuwa mwezi wa mfungo tano, maana sisi tunaihesabu miezi kuanzia ule unaofuata mwezi wa kufunga. Yule dada akapiga makofi.

"Na kwetu ndio huu huu," akasema. "Mwezi wa ziada!"

Hapo tukaingiwa na furaha ya kijinga, kama watu waliogundua kuwa ni ndugu. Alitaka kunitajia tarehe ya kuchukua viatu kwenye simu yake, nikamkatiza. Tarehe za kizungu za nini, na sisi sote ni watu wa mwezi? Akacheka, akakubali. Mwenzake wa kambini alikuwa anakwenda likizo na ndiye angevibeba. Anaondoka mwezi ukiwa ishirini na tatu. Njia ni ndefu, ndege, treni, kisha gari la kijijini, lakini angefika kabla mwezi haujaisha. "Ishirini na tatu," nikasema. "Ishirini na tatu," akasema. Tukapeana mikono, na mama akawa shahidi.

Kazi niliianza kwa raha. Nilichagua ngozi ya mbuzi laini kwa juu na ya ng'ombe kwa soli, uzi nikaupitisha kwenye nta ya nyuki mpaka ukanata vidoleni. Yule dada akawa anapita jioni jioni kutazama, na mimi nilikuwa namngoja kwa maswali. Kituo gani sasa? Joto Kubwa tumelipita juzi juzi tu, akasema. Nilikuwa nimevaa sweta mbili! Nikamwambia kalenda yenu imepotea njia. Akasema hapana, ninyi mko upande wa pili wa dunia, igeuze. Tukaigeuza. Joto Kubwa likaangukia Januari, wakati sisi tunazama kwenye matope, na kila mtu anajua joto letu la kukausha mate ni la Oktoba. Mvua ya Nafaka ikaangukia Oktoba hiyo hiyo, watu wanatazama mawingu na hakuna tone. Ila siku moja mwanzoni mwa Agosti akasema leo kwao ni mwanzo wa majira ya majani kupukutika, nami nikatazama miti ya Ipuli, mitupu, majani yote yako barabarani. Hapo ilipatia, tena bila kugeuzwa! Mwisho tukaamua Tabora itungiwe vituo vyake yenyewe: Kurina Asali, Vumbi Kubwa, Kumbikumbi Kutoka. Mama akaongeza Jirani Kuazima Jembe, na akasema hicho hakina haja ya kuhesabiwa kwa jua wala kwa mwezi.

Nikafika ishirini na moja. Soli nilikuwa nimezishona jana yake, na kama kawaida nilizilowesha kwanza ili sindano ipite. Viatu vilikuwa kwenye kalibu, ule mguu wa mti unaokipa kiatu umbo lake, bado vibichi. Hesabu yangu ilikuwa safi: leo vikauke taratibu kivulini, kesho vile vile, kesho kutwa asubuhi nachonga kingo, napaka nta, nakabidhi. Saa tatu asubuhi naona yule dada anakuja mbio, mfuko mtupu mkononi.

"Viko tayari? Gari linaondoka saa kumi."

"Gari la nani? Si kesho kutwa?"

"Leo. Leo ni ishirini na tatu."

"Leo ni ishirini na moja!" Nilipandwa na hasira, sitaficha. "Mimi nahesabu na mama kila jioni. Usinifanye mtoto."

Akafungua simu. Kalenda yao, namba ndogo chini ya namba kubwa: ishirini na tatu. Nilimtazama mama. Mama akainua mabega: mwezi aliuona kwa macho yake, na yule dada alikuwepo, akapiga makofi.

"Nilipiga makofi," akasema yule dada. "Lakini siku ile ilikuwa ya pili yake. Mwezi ulikuwa umeshaanza."

"Umeanzaje na haujaonekana?"

"Kwetu unaanza hapo hapo usipoonekana."

Kumbe kwao siku ya kwanza ni siku ile mwezi umefichika kabisa, giza tupu, hakuna wa kuuona hata awe na macho ya kunguru. Sisi tunangoja uchungulie, na ukichungulia jioni, siku ya kwanza ni kesho yake mchana. Mchana ule wetu tunasema moja, wao wameshafika tatu. Mwezi ni ule ule mmoja juu ya vichwa vyetu sote, na sisi tulipeana mikono juu ya hesabu mbili. Dereva wa lori angetaja tarehe ya kizungu na yasingetokea haya. Ni sisi wawili tu, na ushabiki wetu.

Yule dada aliketi kwenye ngazi ile ile, akafunika uso. "Basi," akasema. "Havitafika."

Ngozi ukiitoa kwenye kalibu ikiwa mbichi, inajikunja inapokauka, na mgonjwa wa miguu ungempelekea mateso. Ukiianika juani na kalibu ndani, au ukiisogeza kwenye moto, inapasuka. Nilisimama na kiatu mkononi, nimeishiwa.

"Nivalishe," mama akasema.

"Nini?"

"Nivalishe hivyo viatu, unipeleke juani. Mti hauna joto wala hauchezi, mguu una vyote viwili. Viatu vyangu vya harusi baba yako alichelewa kuvimaliza, akanivalisha vibichi asubuhi ya harusi. Nilikaa navyo juani nachezesha vidole mpaka vikakauka. Vilinikaa vizuri kuliko vyote alivyowahi kunishonea."

Miaka yote nimekaa na baba kwenye meza ile, hili hakuniambia hata siku moja. Nilitoa kalibu, nikamvalisha mama viatu vibichi, vyekundu kwa ndani, akajikunyata kwa baridi yake. Asubuhi kibaraza chetu ni kivuli kitupu, jua liko upande wa pili wa nyumba. Mimi nikashika kiti huku, yule dada akashika kule, tukambeba mama na kiti chake tukamzungusha mpaka uani. Tulimweka penye jua, upepo ukipita na vumbi lake, na kanga mbili mabegani.

Akakaa. Akachezesha vidole. Yule dada alichuchumaa mbele yake, kila baada ya kitambo anagusa soli na kusema bado. Ili kumtuliza nikamwuliza tena habari za mwezi usioonekana, na ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Mkulima wa kwao anajuaje siku ya giza kama haoni kitu? Akasema hajui, watu wa zamani walipiga hesabu, wakawapa watu kalenda, mkulima anafuata. Mama akasema hilo ndilo hawezi, yeye kitu lazima akione. Yule dada akasema mama yake naye ni hivyo hivyo, hata simu ya picha anaigusa skrini kwa vidole, anataka kumshika mwanawe shavu. Mama akanyoosha mkono, akamshika shavu.

Adhuhuri nilimletea chai, akanywa viatu vikiwa miguuni. Mara nikaona ananyanyua mguu mmoja na kuutazama, anaugeuza hivi, anaugeuza hivi. Halafu na wa pili. Hakujua kama namwona. Ilipofika saa tisa, ngozi ilikuwa kavu, imeshika umbo, haina mkunjo. Nikasema tuvue.

"Ngoja kidogo," mama akasema.

Tukangoja kidogo. Kisha akavivua mwenyewe, polepole, kimoja kimoja, akampa yule dada. Nilichonga kingo kwa kasi ambayo sijawahi, nikapaka nta, nikasugua, na honi ya gari la kambi ikasikika barabarani. Alikimbia bila kuaga. Mama alivaa kandambili zake, ya bluu na ya kijani, nami nikaita mpita njia, tukamrudisha kibarazani na kiti chake.

Zile siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Yule dada alituambia kila hatua: mwenzake amefika Dar, amepanda ndege, ameshuka, treni imechelewa. Nikajikuta nahesabu kwa hesabu yao. Usiku ule wa mwisho tukasali, mimi na mama, kwa ajili ya mwanamke ambaye hatujawahi kumwona.

Siku ya mwisho ya mwezi wao ikafika, kwetu ishirini na saba. Alasiri alikuja anatembea, hakimbii, nami nikaogopa. Akanipa simu. Picha ilikuwa ya sakafu ya vigae na miguu miwili iliyovimba ndani ya viatu vyangu. Kisha akaweka sauti, ya kizee, inakwaruza, inachekacheka. Alitutafsiria: "Anasema havimbani hata kidogo. Anasema vimeshajua mguu. Anauliza, nani alivivaa kabla yangu?"

Mama akaomba simu. Aliisogeza karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu.

"Miguu yangu hiyo," akasema.

Tulilia sote watatu pale kibarazani, na wapita njia wakatusalimia kwa wasiwasi. Yule dada alipokuwa anaondoka alisimama kwenye ngazi. "Kwetu mwezi wa ziada unaisha leo," akaniambia. "Kwenu bado siku mbili."

"Sisi hatuna mwezi wa ziada. Huu ni mfungo tano tu."

Akazitazama kandambili za mama. "Na viatu, navyo hamna?"

Aliniweza. Kesho yake alfajiri kipimo kilikuwa kipo mezani, na ngozi ya mbuzi ilikuwa imebaki. Mama aliponiona nakata alijua. Akaniambia umri wake anao Mwenyezi Mungu, hauongezwi na ngozi ya mbuzi. Nikamwambia nani kataja umri, nashona viatu. Akasema lile neno lake:

"Viatu vya kwenda wapi?"

"Vya kwenda juani," nikamjibu. "Kesho asubuhi vitakuwa vibichi. Usipovikausha vinaharibika, na ngozi nimeinunua."

Asubuhi ya ishirini na tisa nikamvalisha. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Nani atanibeba?"

"Hakuna. Mwenzangu yuko kazini."

Alinitukana kwa Kinyamwezi, tusi zuri refu. Halafu akashika ukuta, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, akazunguka nyumba nzima kwa mkono ukutani mpaka kwenye jua. Nilikuwa nyuma yake, mikono yangu wazi. Alikaa siku nzima anachezesha vidole.

Magharibi ilipofika hakurudi mkekani. Alisema tangi la jirani linamziba, amechoka kunyoosha shingo. Akaingia barabarani, mimi pembeni yake, hatua ndogo ndogo, mpaka penye uwazi karibu na kona. Anga ilikuwa nyekundu ya vumbi. Alitafuta, akatafuta, kisha akainua mikono, akasoma dua. Umeandama. Nikampigia yule dada papo hapo.

"Dada yangu," akacheka kwenye simu, "kwetu leo ni pili!"

Nikamwambia mama. Mama alikuwa ameshaipa kona uso, kule anakokaa shoga yake.

"Mwambie wa kwetu ndio kwanza unaanza," akasema, akakata kona.